Juzuu ya Pili

Nina kitabu kinachofundisha namna ya kumenya chungwa mezani bila kuligusa kwa vidole. Unalichoma chungwa kwa uma upande wa kikonyo, unalizungusha polepole huku kisu kikilifuata, na ganda linatakiwa lishuke lote pamoja, utepe mmoja mrefu. Nimejaribu. Chungwa langu lilichomoka likagonga pazia la mwenzangu wa nyumba, na tulicheka hadi tukakaa sakafuni. Kitabu chenyewe kilichapwa Ujerumani wakati bibi yake bibi yangu akiwa mwari Tanga, na katika miaka yote niliyokaa Johannesburg sijakutana na mtu mwingine aliye nacho. Nasema hivyo kwa kujigamba, na sioni haya.

Vitabu vyangu vilikaa katika chumba changu, ghorofa ya sita, Joubert Park, dirisha likitazama wauza matunda na teksi za stesheni, ambazo ni daladala za huku. Nyumba tuliishi wawili. Mimi nilikuwa na chumba cha ndani, na sebule, iliyokatwa kwa pazia, ilikuwa ya mwenzangu, msusi kutoka Lubumbashi, ambaye aliwasuka wateja wake humohumo. Rafu yangu ilikuwa na safu mbili. Juu niliweka vitabu vya adabu: namna ya kuketi, kula, kuvua glavu, kumwamkia mke wa afisa. Chini niliweka vitabu vya safari, vya Wajerumani waliokuja Afrika wakarudi kwao kusimulia. Nilivipanga hivyo kwa makusudi ili vionane. Watu walewale waliokuwa wakifundishana kwao kwamba ni aibu kupuliza supu ya moto, kwetu walikuja na viboko. Nilitaka adabu yao ya nyumbani na mwenendo wao wa safarini vikae mbele yangu kwa wakati mmoja, nilinganishe mwenyewe bila kusimuliwa na mtu.

Kijerumani nilikipata kazini. Nilikaa mapokezi ya hoteli moja Zanzibar, wageni wengi wakiwa Wajerumani, na nilipohamia Johannesburg nikapata kazi katika ofisi ndogo ya utalii Marshalltown, ya kujibu barua za Wajerumani wanaotaka kuona simba mchana na kulala kwenye shuka nyeupe usiku. Lakini kusoma vitabu vya kale ni jambo jingine. Vile vimepigwa chapa kwa herufi nyeusi zenye pembe, S yao inafanana na F, na Mjerumani wa leo akiuona ukurasa wake anakunja uso. Nilijifundisha mwenyewe kwa kitabu cha watoto cha kujifunzia kusoma, na ndicho kilichokuwa cha kwanza kwangu. Nilikikuta mwaka 2015 katika duka la fanicha kuukuu Jules Street, kule Malvern. Kilikuwa kimewekwa chini ya mguu wa kabati ili lisiyumbe. Wazee wa Kijerumani wa jiji hili wanapofariki, watoto wao hawawezi kusoma zile herufi, hivyo vitabu huondoka na makabati. Mwenye duka alinipa na boksi zima akidhani ananisukumia takataka.

Kila kilichoingia nyumbani nilikifuta vumbi, nikakianika kivulini, kisha nikakifukiza udi, kama tunavyofukiza nguo kwetu, wadudu watoke na harufu ya watu wengine itoke. Mwenzangu alikuwa akichungulia kwenye pazia.

"Eh, maman, unafukiza bitabu sawa bibi-arusi," aliniambia siku moja. "Bwana-arusi yeye atatoka wapi?"

"Atatoka Ujerumani," nikamjibu. "Mahari ameshatoa."

Wateja wake hawakuwa na utani. Mmoja aliona ukurasa ulio wazi mezani, zile herufi zenye pembe na moshi wa udi juu yake, akaomba amaliziwe kusukwa nje kwenye korido. Nilikasirika siku nzima. Mtu anaishi na Wajerumani wa kale kwa heshima na taabu, halafu anaambiwa ni mchawi.

Pamoja na majigambo yangu yote, rafu ilikuwa na pengo, na pengo hilo lilikuwa likinisumbua kuliko kitu kingine. Mmoja wa wale wasafiri aliandika safari yake katika juzuu mbili. Ya kwanza nilikuwa nayo. Anatoka kwao, anashuka Zanzibar, analalamika kuhusu joto, anakodi wapagazi, anapanda chombo. Ukurasa wa mwisho anaiona pwani ya Tanga kwa mbali, minazi na nyumba nyeupe, na kitabu kinaishia hapo. Mji wangu, mtaa wetu, watu wetu, vyote vilikuwa katika juzuu ya pili. Niliitafuta tangu mwaka 2016. Niliwaandikia wauza vitabu vya kale wa Ulaya, na waliojibu walisema imeshauzwa au hawajapata kuiona. Kila nikipita kwenye rafu niliona pale ambapo ingekaa.

Mwishoni mwa 2018 nilikwenda kwenye soko la hisani la kanisa moja la Wajerumani, kaskazini mwa jiji, ambako huuza keki, mishumaa na vitabu vya marehemu. Meza ya vitabu ilikuwa ya bibi mmoja mzee sana, mwembamba, mwenye fimbo. Aliniona nikisoma kimoja huku midomo ikinitembea.

"Unazisoma hizo?" akauliza kwa Kijerumani.

Nikamsomea mistari michache. Alivua miwani akaipangusa, akaivaa tena. Tukaongea, nami nikamwambia juu ya juzuu yangu ya kwanza na kwamba ya pili sijapata kuitia machoni. Akasema marehemu mumewe alikuwa nazo zote mbili, na kwamba Jumapili ijayo nije kunywa kahawa niione. Katika teksi ya kurudi nilikuwa nikitabasamu peke yangu, mpaka aliyekaa pembeni akahama kiti.

Jumapili ile nilikwenda nimejiandaa. Nilikuwa nimesoma adabu za Wajerumani kwa miaka, na hatimaye nimealikwa. Nilifika mapema nikazunguka kona yao mara kadhaa ili nibishe saa tisa kamili, mpaka mlinzi wa mtaa akaniuliza kama nimepotea. Maua niliyatoa kwenye karatasi kabla ya mlango kufunguliwa, kwa kuwa vitabu vyangu vyote vinasema maua hayatolewi yakiwa yamefungwa. Ndani nilisimama. Sofa katika nyumba ya Kijerumani ya zamani ni kiti cha heshima, na mgeni aliye mdogo kwa umri halikalii mpaka aambiwe.

"Mbona umesimama?" akauliza.

"Nangoja uniambie nikae wapi, Bibi Mtukufu," nikamjibu, kwa lile neno la kale ambalo vitabu vyangu hulitumia kwa wanawake wenye nyumba zao.

Aliziba mdomo kwa mkono. "Neno hilo sijalisikia tangu bibi yangu azikwe," akasema, akanikalisha kwenye sofa katikati kabisa. Nilikaa pale mgongo umenyooka. Nadhani sijapata kuketi vizuri kama siku ile.

Nilikuwa nimepika visheti. Alisema hapana, ahsante, ameshashiba. Nikajua anaona haya, nikamwekea viwili kwenye kisahani. Akasema tena hapana. Nikaongeza cha tatu. Akala, na nikaona nimemkirimu mwenyeji wangu ipasavyo.

Kisha akaleta kitabu akaniwekea mapajani. Jalada la kahawia, mgongo umepauka kwa jua, kurasa safi. Nilifungua katikati na jicho langu likaanguka juu ya neno Tanga, kwa zile herufi zenye pembe, juu ya ukurasa. Nilipitisha kidole juu ya neno hilo.

"Unakitaka?" akauliza.

"Hapana, hapana," nikasema. "Usijisumbue, Bibi. Ni mali ya marehemu."

Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Mtu akikupa kitu cha thamani, unakataa. Unamwachia nafasi ya kurudi nyuma, maana pengine ametamka kwa wema tu na moyo haujakubali. Anasisitiza. Unakataa tena, kwa sauti ndogo zaidi. Hapo ndipo anakushindilia mkononi, nawe unapokea kwa mikono miwili na kumwombea dua. Hakuna anayekufundisha, unaona mama yako akifanya.

"Sawa," akasema yule bibi. Akakichukua kitabu mapajani mwangu na kukirudisha kwenye kabati.

Nilikaa nikisubiri aulize mara ya pili. Akamimina kahawa. Akanieleza kwamba nyumba imeuzwa, yeye anahamia kwenye makao ya wazee, na vitabu vyote vya mumewe mpwa wake atavisafirisha kwenda Ujerumani mwisho wa wiki. Mimi naitikia, nasubiri. Akaniuliza kama nataka sukari. Akaniuliza habari za Zanzibar. Ilipofika saa ya kuaga niliaga, na lile swali halikurudi.

Kilichonichoma ni kwamba nilikuwa nimeonywa. Kwenye safu yangu ya juu kiko kitabu kinachosema wazi kwamba kukataa kitu unachokitaka ni kumdanganya mwenyeji, na mwenyeji mstaarabu haulizi mara mbili, asije akamlazimisha mgeni. Nilikuwa nimepigia mstari kwa penseli. Nilijua glavu zinavuliwaje na chungwa linamenywaje, na siku ya siku sikujua kusema ndiyo.

Nilimkuta mwenzangu akimsuka mteja. Nikamweleza nikiwa bado nimesimama na mkoba begani.

"Alikuuliza kama unataka?"

"Aliniuliza."

"Weye ukajibu namna gani?"

"Nikasema hapana."

"Na ulikuwa unataka?"

"Sana."

Mikono yake ilisimama kwenye kichwa cha mteja. "Sasa maman, njo nani alikunyima?"

Niliutua mkoba chini.

"Bazungu banaulizaka mara moja tu," akaendelea. "Rudia kule, umuombe."

Aliposema nikaombe, damu ilinipanda. Mama yangu alinilea nisiombe kitu kwa watu. Mtoto wa kwetu akionekana akiomba kwa jirani, hata kipande cha muhogo, nyumbani alikuwa anaulizwa ni lini alilala njaa. Nimekaa ugenini, nimekosa kodi, nimeugua, na sijamnyooshea mtu mkono. Nikamwambia hivyo.

"Basi ubakie na kiburi yako," akasema, akirudi kwenye kazi yake. "Kitabu kiende Allemagne, kwa Bajerumani."

Siku mbili nilikwenda kazini na kurudi kimya. Niliwajibu wateja wa ofisi kwa ufupi mpaka mkuu wangu akauliza kama naumwa. Nilikuwa nikiwaza mji wangu ukifungwa ndani ya boksi na kuvuka bahari kwenda kukaa kwenye dari la mtu asiyejua kuusoma, na asiyejali. Kiburi changu kilikuwa cha kweli, lakini kitabu nacho kilikuwa cha kweli, na kimoja kilikuwa na siku yake ya kuondoka. Nikapiga simu kuuliza kama naweza kuja, kwa sababu kwa wenzetu hawa huwezi kutokea tu mlangoni. Akasema nije kesho yake.

Nyumba ilikuwa imejaa maboksi. Sofa lilikuwa limeshachukuliwa, kwa hiyo hapakuwa na suala la nani akae wapi, tulisimama wote wawili. Sikutoa maua wala visheti. Nilisema kabla sijapoa.

"Nimekuja kukuomba ile juzuu ya pili. Jumapili niliposema hapana, nilikuwa naitaka. Naitaka sana."

Sijapata kutamka sentensi ngumu kama ile, kwa lugha yoyote. Uso ulikuwa ukiwaka moto.

"Kwa nini basi ulikataa?" Hakukasirika. Alikuwa anataka kujua.

"Kwetu mtu hukataa kwanza, Bibi. Nilikuwa nasubiri uniulize tena."

"Mara ngapi?"

"Ya tatu ndiyo huwa ya kweli."

"Ndiyo maana ulinilisha vile vitu vitamu," akasema. "Nilikuambia hapana, na nilimaanisha hapana. Usiku ule tumbo halikunipa usingizi." Akaanza kucheka, akaegemea boksi, nami nikacheka kwa aibu na kumwomba radhi. Nilitaka sakafu ipasuke, na wakati huohuo sikuweza kujizuia kucheka.

Alipotulia, sura yake ilibadilika. "Baada ya wewe kuondoka nilikisoma tena kile kitabu. Sura ya Tanga yote. Anawasema watu wenu vibaya. Niliona haya kwamba nilikuwekea mapajani."

"Najua anavyosema," nikamjibu. "Ninao wengi kama yeye nyumbani."

"Unakitakia nini kitu cha namna hiyo?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo, lakini jibu lilikuwepo tangu mwaka 2015, swali lake tu ndilo lilikuwa halijaulizwa.

"Kikienda Ujerumani kitakaa kinasema peke yake," nikasema. "Kikikaa kwangu, atakuwepo mtu wa Tanga wa kukijibu."

Alinyoosha fimbo kuonyesha boksi lililokuwa chini ya mengine, karibu na dirisha. "Nimezeeka, siwezi kuinama. Kitafute mwenyewe."

Nilipiga magoti nikahamisha maboksi moja moja. Kitabu kilikuwa karibu na chini. Niliposimama nacho, akauliza, kwa sauti ya mtu anayejaribu lugha ngeni: "Unakitaka?"

"Ndiyo," nikasema.

"Unakitaka kweli?"

"Ndiyo, Bibi."

"Naona tuishie hapo, mgongo unaniuma," akasema, akanipa mkono. Niliupokea kwa mikono yangu miwili, kitabu kikiwa kwapani, nikamwombea dua kwa Kiswahili. Hakuelewa maneno, lakini alisubiri hadi nikamaliza.

Sikukifungua kwenye teksi. Nilikifuta, nikakianika, nikakifukiza udi, na Jumapili asubuhi nikaketi nacho sebuleni. Mwenzangu alikuwa anajisuka mwenyewe mbele ya kioo, na akataka nimsomee, ajue ugomvi wote ule ulikuwa wa nini. Nikawa nasoma Kijerumani kimoyomoyo na kumtafsiria.

Mwanzo ulikuwa kama nilivyotegemea. Watu wa Tanga wavivu, watu wa Tanga waongo, jua kali. Mwenzangu alikuwa akisonya kila mstari. Kisha ikaja habari moja. Msafiri ameingia mjini mchana, juu ya punda, bunduki begani, koo limemkauka. Anamwona mwanamke barazani kwake, anakuna nazi. Akiwa hukohuko juu ya punda anamwagiza maji na kumuuliza njia ya kwenda bomani. Mwanamke anaendelea kukuna nazi. Mkalimani wake anarudia kwa sauti kubwa. Hapo mwanamke anasema, bila kuinua uso: mwambie arudi pale kona, aje upya, apige hodi, asalimu. Maji yapo.

Bwana yule aliandika kwamba huo ni mfano wa kiburi kisichovumilika cha wanawake wa pwani. Alilitumia neno kiburi mara nyingi katika ukurasa mmoja. Lakini pamoja na ubaya wake hakuwa mwongo, akaandika na kilichofuata. Alikuwa na kiu, na mtaa hakuujua. Alishuka kwenye punda, akatembea mpaka kona, akarudi kwa miguu, akapiga hodi. Akaletewa maji katika bakuli safi, na anakiri yalikuwa baridi.

Mwenzangu alikuwa ameacha nywele. "Yeye mwenyewe alirudia nyuma? Na bunduki yake?"

"Na bunduki yake. Na kofia ameivua, ameandika."

"Mwanamke njo nani?"

"Jina hakuandika."

Nyakati zile watu wetu walikuwa wanachapwa kwa makosa madogo kuliko hayo, na yeye alikuwa ameketi na nazi yake, peke yake, akimfundisha adabu mtu wa bunduki. Sikujua ni bibi wa nani. Alikuwa wa kwetu, na hilo lilinitosha. Nilijivuna mpaka machozi yakanitoka, na sikuyafuta.

"Soma tena," akasema mwenzangu.

Nikamsomea tena, safari hii kwa sauti, kwanza kwa Kijerumani chao na kisha kwa Kiswahili chetu, na kila nilipofika kwenye neno kiburi nililitamka kwa nguvu kuliko yote.